Mgeni siku mbili, ya tatu mpeleke Taj Mahal

Jamani ukiishi nje usimwandikie mtu "karibu sana" kwa kuzuga. Mimi niko Delhi huku najitafutia, nachati na jamaa yangu wa Temeke, nikamwambia karibu bwana, si ndo tunavyoambianaga, kumbe mwenzangu paspoti anayo, likizo anayo na hela ya tiketi anayo. Akatua na mabegi mawili, moja nguo, la pili sembe na dagaa wa Mwanza. Na mwenye nyumba wangu, bi mkubwa mmoja mstaarabu tu, hali nyama, hali samaki, hata yai hataki lipite kwenye ngazi zake.

Vurugu ya kwanza ikaanzia kwa huyo huyo bi mkubwa. Huku ukimlaza mgeni kutoka nje lazima aandikishwe serikalini ndani ya masaa 24, kuna fomu mtandaoni, inataka paspoti, viza, katokea wapi, anaelekea wapi. Jamaa ananuna, "Mbona Temeke ukija unalalaga kwangu na hata mjumbe hajui?" Usiku wake akakaanga dagaa. Sitaki hata kuelezea, we jua tu asubuhi bi mkubwa alikuwa anafukiza ubani mpaka kwenye lifti.

Halafu huyu mtu kalelewa na mikanda ya kihindi. Anaijua India yote kwa majina ya masteringi. Kitu cha kwanza kuniuliza, nyumba ya Amitabh Bachchan iko mtaa gani, tupite tukitoka kunywa chai. Namwambia kaka, Amitabh anakaa Mumbai, toka hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja, ananiangalia kwa jicho la we jamaa unanibania tu. Kwenye metro kaona behewa la kwanza lina nafasi akajitosa mbio, kumbe la kwanza huku ni la wanawake, macho aliyopigwa na wale wamama nadhani mpaka leo yanamuwasha.

Na kulipa nalipa mimi. Maana Delhi kila mtu anapokea hela kwa simu, dereva wa bajaji, muuza nyanya, muuza chai ya vikombe vya udongo, wote wana kile kikaratasi cha kuskani, sasa jamaa ana dola na ana M-Pesa, anamwonyesha muuza nyanya M-Pesa yake kwa kujiamini kabisa. "Lipa tu kaka, tutapigiana hesabu." Hiyo hesabu ipo kwenye daftari, na daftari ninalo mimi peke yangu.

Ila siku ya golgappa nilicheka mpaka nikakaa chini. Golgappa ni vile vimikate vidogo vya kukaanga vimevimba, muuzaji anatoboa kwa kidole gumba, anaweka viazi na dengu, anachovya kwenye maji ya nanaa, ukwaju na pilipili, anakupa kimoja kimoja, unabwia chote kwa mkupuo, ukimeza tu kingine kishatua kwenye kibakuli. Nikamwambia taratibu, akajibu mimi mtu wa Pwani, pilipili nimenyonyeshwa nayo. Cha tatu machozi. Cha tano kamasi. Anataka kusema basi sauti haitoki, akaanza kutingisha kichwa huku na huku, sasa Wahindi wakitingisha kichwa vile mara nyingi wanamaanisha sawa, haina shida, kwa hiyo mzee wa watu anafurahi kapata mteja, anazidi kushusha! Mimi ningeweza kumwokoa. Nikakumbuka wale dagaa.

Taj Mahal alitaka tuende Ijumaa, nikamweleza Ijumaa panafungwa kwa watalii, akabishana na mimi ninayeishi huku, mpaka akagugo. Tukaenda Alhamisi. Sisi wa nje ni rupia 1,100 na ukitaka kuingia kaburini kwenyewe unaongeza 200, Mhindi getini analipa 50, na wote mnaona marumaru ile ile. Jamaa akampigia mkewe video kujionyesha, mi nikajitia kueleza kwamba mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz aliyefariki 1631 akijifungua. Shemeji kimyaaa, halafu: "Umesikia wenzio? Mimi jiko la gesi mwaka wa pili huu." Mtandao ukakata ghafla. Mtandao wenyewe ulikuwa kidole chake.

Pale ndo akapata ustaa. Familia za watu kutoka mikoani wanaomba selfi, baba, mama, bibi, mtoto anapakatishwa, yeye miwani usoni, kifua mbele, steringi mwenyewe! Mimi nimeshika begi, chupa ya maji, na simu za watu wanne.

Kaondoka zake, airport huku huna tiketi huingii, tukaagana nje na bado akaniachia nusu ya mizigo, eti mwezi wa kumi na mbili nikija nimletee. Sasa nafungua simu naona kapost picha za Taj, mimi nimekatwa nimebaki kiwiko, kaandika "wanaotaka kuja India waniulize mimi." Wanamuuliza kweli, naye anawapa namba yangu. Jana kanipigia mtu simjui, salamu hana, anauliza chumba changu kina AC au feni.