Ligeuzie jua lenzi yako

Kila anayeanza kupiga picha huambiwa aliweke jua mgongoni. Kwa picha ya mtu ambaye unataka uso wake uonekane, ni sawa. Kwa mandhari, naupinga ushauri huo. Jua likiwa nyuma yako, kila kivuli hujificha nyuma ya kitu chake, na milima, miti na mawe vinaonekana bapa, kama vimebandikwa ukutani. Likabili, na vivuli vinakujia, vikichora kila mwinuko na kila bonde. Majani yanapenywa na mwanga. Ukungu ambao usingeuona ukitazama upande wa pili unautenga mlima wa karibu na ule wa mbali.

Shida ni kwamba kamera haimudu tofauti kubwa hivyo ya mwanga na giza. Hapo wengi huunganisha picha tatu au nne zenye viwango tofauti vya mwanga ili kila kona ionekane, nami sikubaliani nao. Anayesimama kulikabili jua haoni kila jani lililo kivulini. Ukimwonyesha yote, unamnyima ule mng'ao uliomsimamisha. Mimi hupima mwanga wa anga kando ya jua, huhifadhi faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla ya kuchakatwa), na weusi nauacha uwe weusi. Mti mmoja wenye umbo zuri, mweusi tii, unatosha kubeba picha.

Ukitaka jua litoe miale kama nyota, bana apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, hadi f/16 ambapo ni dogo, kisha fichia jua nusu nyuma ya shina au ukingo wa mlima. Jua huchukua takriban nusu digrii tu ya anga, kwa hiyo hata kujisogeza kidogo pembeni hubadilisha kila kitu. Bledi 8 za apecha (vibamba vinavyolibana tundu hilo) hutoa miale 8, lakini bledi 7 hutoa 14: kila bledi hurusha miale pande mbili, na idadi ikiwa shufwa miale hiyo hulaliana. Ukifika f/22, tundu dogo zaidi, picha nzima hupoteza ukali, na kwangu miale haistahili gharama hiyo.

Futa lenzi vizuri na uvue filta ya kinga, maana vumbi dogo hugeuka doa la mwanga.

Lakini tafadhali, kwa kamera yenye kioo cha ndani, usilitazame jua kupitia kitundu cha kuonea, hasa kwa lenzi ndefu. Mwanga uliokusanywa hivyo unaweza kuunguza jicho kabisa. Panga picha kwa kutumia skrini.