Mita inakula yuniti au mzee anasingizia taa?

Barazani kwetu hapa Chake kuna mzee wetu mmoja kashikilia, tangu atie taa za LED nyumba nzima, tukuza (umeme wa kulipia kabla) inamwishia upesi kuliko zamani. Fundi kaja, kachomeka birika la umeme, kahesabu kile kitaa chekundu cha mita kinavyomweka, kasema mita ni nzima, haina kasoro. Mzee anasema kachezewa.

Mie naona kila mmoja ana lake. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitoa majibu ya kupima mita 9 za kielektroniki, 5 zikasoma juu, iliyozidi kabisa ikapitiliza kwa asilimia 582, na 2 zikasoma chini kwa asilimia kama 30, na mita hizo kisheria hazina kosa. Makosa makubwa kabisa yalitokea walipochomeka taa za LED na zile za kubana matumizi pamoja na dima, ile swichi ya kupunguzia mwanga. Sasa dima inakata wimbi la umeme kisha inaufungulia ghafla, na mita yenye koili ya Rogowski haipimi mkondo wenyewe, inapima unavyopanda kwa kasi gani halafu ndo inapiga hesabu, ukiruka vile inachanganyikiwa. Zilizosoma chini zilikuwa na kihisi cha Hall, kinachopima mkondo kwa nguvu ya sumaku yake.

Ndo pale birika la fundi haliniridhishi. Birika ni waya wa moto tu, unavuta umeme laini, hata mita inayovurugwa na dima italisoma sawasawa, kwa hiyo kapima kisicholalamikiwa.

Ila mzee nae nisimpe ushindi wote. Ile 582 ni ya maabara, mita imeteswa makusudi, na kwake hana dima hata moja (dima huku utazikuta mahotelini, labda). Halafu nikamuuliza, bamdogo, lile friza la barafu za kuuza liliingia lini? Kasema, aa, mwezi ule ule wa taa, lakini friza jipya halili umeme! Watu wakacheka.

Mita yake imeandikwa 1000 imp/kWh, yani kitaa kinamweka mara 1000 kwa yuniti. Taa zake 20 za wati 9 ni wati 180, kwa hiyo ziwashwe peke yake na kitaa kimweke mara 3 tu kwa dakika. Leo baada ya isha tunazima friza tunahesabu, ikifika hata 6 namsindikiza mwenyewe kulalamika.