Pesa ya serikali na kampuni changa za sola: nami niseme

Habari yenu inauliza kama serikali iweke pesa ya wananchi katika kampuni changa za umeme wa jua. Mimi nasema iweke, lakini idai hisa.

Msomaji mmoja hapo juu ametaja Solyndra, kampuni ya Marekani ya paneli za sola: serikali iliidhamini kwa mkopo wa dola milioni 535 mwaka 2009, ikafilisika 2011. Kweli kabisa. Lakini ofisi hiyohiyo ya serikali ya Marekani iliikopesha Tesla, kampuni ya magari ya umeme, dola milioni 465 mwaka 2010, na Tesla ikamaliza deni mwaka 2013, mapema kuliko ilivyopangwa. Kosa ninaloliona mimi ni hili: hasara ya Solyndra ilibebwa na wananchi, ila kwa Tesla walipata deni na riba tu, utajiri uliofuata ukabaki kwa wenye hisa.

Sisi wa Lubumbashi, Congo, tunajua uchungu wa kutoonja faida. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilijengwa ili kulisha migodi; inapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha kibatari. Hapa Katuba mimi ni fundi cherehani, umeme ukikatika napiga pasi kwa makala, na gunia linapanda bei kila masika.

Kijana akitaka kufunga sola kwenye mtaa wetu, akopeshwe, serikali ipate hisa, na mkopo utolewe kidogokidogo kadiri nyumba zinavyounganishwa. Na mkataba ubandikwe kwenye ofisi ya komini, kwa Kiswahili, mama muuza bunga ausome.