Picha ya bidhaa mbovu isifutwe eti kwa sababu ni ya zamani

Karibu kila mfumo wa kamera za ukaguzi kiwandani una mahali pa kutia alama kwenye mipangilio yake: hifadhi picha za bidhaa zilizokataliwa. Fundi huweka alama siku ya kukabidhi mfumo, huchagua folda, huagiza kwamba diski ikijaa faili kongwe zifutwe kwanza, halafu hufunga kompyuta yake na kwenda zake. Basi kila mtu anaamini suala la picha limekwisha. Mimi naona ndipo linapoanza, na hilo agizo la mwisho, la kufuta kongwe kwanza, ndilo linalotuponza.

Tupige hesabu kidogo. Kamera ya megapikseli 5, yenye pikseli 2448 kwa 2048 na picha ya kijivu inayotumia baiti moja kwa pikseli, hutoa picha ya takriban megabaiti 5. Mkanda ukipitisha vipande 10 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 50 kila sekunde, gigabaiti 180 kwa saa, na zaidi ya terabaiti 4 kwa siku ikiwa kiwanda hakilali. Ndiyo maana ni wachache wanaothubutu kuhifadhi kila kitu. Na si nafasi tu inayosumbua. Diski za SSD zina kikomo cha data zinazoweza kuandikiwa katika maisha yake. Yenye kikomo cha terabaiti 600 ingekimaliza kabla ya miezi mitano kutimia. Ukihifadhi zilizokataliwa peke yake, tuseme asilimia 2, unashuka hadi gigabaiti 86 hivi kwa siku, na diski ya terabaiti 1 inakufikisha siku 11. Wengi huishia hapo, wakaridhika.

Asilimia 2, lakini, ni wastani wa siku njema. Chukua siku ambayo tone la mafuta limetua kwenye lenzi. Halikuziba picha yote, limeacha doa upande mmoja tu, na ghafla asilimia 40 ya vipande vinakataliwa. Wahudumu hawasimamishi mkanda kwa sababu vilivyokataliwa vinakaguliwa upya kwa macho, vingi vinaonekana vizima, na kazi inasonga. Wakati huohuo diski inapokea gigabaiti 72 kila saa. Kabla ya saa 14 kwisha, imejaa picha zipatazo laki mbili, zote za tone lilelile la mafuta. Zilizokuwepo kabla yake zimefutwa kuzipisha. Miongoni mwa zilizofutwa kulikuwa na ufa mwembamba ukingoni mwa kipande, uliotokea mara tatu tu wiki nzima, ambao mhandisi wa ubora alikuwa ameanza kuutafutia chanzo. Mfumo haukukosea kitu. Ulifanya kama ulivyoagizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: picha ifutwe kwa kuangalia sababu ya kukataliwa kwake kwanza, umri baadaye. Kila sababu ipewe fungu lake. Mkwaruzo una nafasi yake, ufa una yake, lebo iliyopinda ina yake, na hakuna inayoruhusiwa kula nafasi ya mwenzake. Fungu likijaa ndani ya zamu moja, mfumo uhifadhi moja katika kila mia, huku hifadhidata ikiendelea kuhesabu zote. Idadi hutaipoteza, unachoacha ni nakala ya elfu kumi ya doa moja. Na picha ambayo mtu ameifungua na kuitia alama isiguswe na ufutaji wowote wa kujiendesha.

Hili linataka kazi ambayo watu wengi hawaipendi, yaani kuifanya programu ya ukaguzi itaje sababu. Mifumo mingi hupeleka jibu moja tu, zima au mbovu, kwa PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine za mkanda, na ndilo hilohilo linaloandikwa kwenye jina la faili. Ndani ya programu kila kipimo kinajua kama kilipita au kilishindwa, na kwa alama ngapi. Ni suala la kuiambia iandike. Kama bado haijaandika, usinunue diski nyingine, anzia hapo.

Tukija kwenye umbo la picha, nina ugomvi wa siku nyingi na JPEG. Ilibuniwa kwa ajili ya macho ya binadamu: hutupa tofauti ndogo ambazo jicho halizioni, na hugawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 ambavyo alama zake hujitokeza ukibana sana. Sasa mkwaruzo mwembamba kwenye chuma ni nini, kama si tofauti ndogo? Faida kubwa ya picha hizi ni kwamba kesho unaweza kubadilisha mipangilio na kuzipitisha upya ili uone ingekuwaje. Ukizipitisha zikiwa JPEG, alama unazopata si zile za siku ya tukio, na huwezi kujua tofauti imetoka kwenye mipangilio yako mipya au kwenye kubanwa. JPEG ndogo ya kumwonyesha meneja kwenye skrini, sawa. Ile ya kazi ibaki ghafi, au ibanwe kwa njia isiyopoteza kitu.

PNG haipotezi kitu, ila usitarajie miujiza. Chembechembe za kelele zinazotoka kwenye sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, hazibaniki, kwa hiyo ukipata nusu ya ukubwa wa awali ushukuru. Tumia kiwango cha chini cha kubana. Viwango vya juu hula muda mwingi wa prosesa kwa faida ndogo sana. Kwa kamera za rangi kuna akiba ya bure ambayo watu huiacha mezani: hifadhi picha kama ilivyotoka kwenye sensa, baiti moja kwa pikseli, na rangi zikokotolewe wakati wa kuifungua. Ukisubiri zikokotolewe ndipo uhifadhi, ukubwa umeshakuwa mara tatu. Na tafadhali, ile mistari ya kijani na nyekundu ya vipimo isichorwe juu ya picha. Iandikwe pembeni kama data, maana picha iliyochorewa huwezi kuikagua tena.

Kukata sehemu inayokaguliwa na kutupa iliyobaki kunaokoa nafasi nyingi, nami bado nasita. Mara nyingi kisa kiko nje ya hiyo sehemu: kipande kimekaa mshazari, kivuli kimeingia, taa ya upande mmoja imefifia. Angalau picha nzima iwekwe kwa ukubwa uliopunguzwa.

Kuandika kwenye diski kusikae kamwe kwenye njia ya uamuzi. Picha iingie kwenye foleni yenye kikomo cha urefu, mchakato mwingine uiandike, na foleni ikijaa picha idondoshwe na ihesabiwe. Afadhali kukosa picha kuliko kumchelewesha PLC kipande kibovu kikapita. Picha pia zisikae pamoja na mfumo endeshi, maana siku diski hiyo itakapojaa, kompyuta yenyewe itayumba.

Folda zigawanywe kwa tarehe na saa. Folda moja yenye faili laki tatu haifunguki bila mtu kwenda kunywa chai. Maelezo ya kila picha, yaani alama za kila kipimo, muda ambao kamera ilipokea mwanga na toleo la mipangilio iliyokuwa ikitumika, yakae kwenye hifadhidata ndogo kama SQLite. Toleo la mipangilio ndilo husahaulika zaidi, na bila hilo huwezi kujua kipande kilikataliwa kwa kizingiti kipi. Saa ya kompyuta na ya PLC zioanishwe pia. Zikipishana dakika nne, utakuwa unatazama picha ya kipande kingine kabisa.

Mwisho kuna jambo ambalo najua litapingwa. Kuhifadhi zilizokataliwa peke yake hakutoshi. Mteja akirudisha kipande kibovu, maana yake kilipita, na picha yake hukuihifadhi. Chukua moja katika kila elfu ya zilizopita bila kuchagua: kwa mkanda wetu wa vipande 10 kwa sekunde hazifiki 40 kwa saa, chini ya megabaiti 200. Kisha ongeza fungu moja zaidi, la vipande vilivyopita kwa alama zinazokaribia kizingiti. Hilo ndilo ningelifungua kwanza kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya fungu la nyufa.