Charlie alichora, Nancy akailinda bei

Wapenzi wengi wa Charles M. Russell, mchoraji kauboi wa Montana, wakimtaja mkewe Nancy humtaja kama mwanamke mkali aliyewafukuza rafiki za mumewe mlangoni. Naona wanamdhulumu. Picha alizichora Charlie, hilo halina ubishi. Lakini kuzifanya picha zile ziwe riziki ya nyumba nzima ilikuwa kazi ya Nancy, nayo ilitaka akili na uvumilivu.

Charlie alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1864, katika familia yenye mali iliyomiliki kiwanda cha matofali ya tanuri. Shule haikumkaa. Mwaka 1880, siku chache kabla hajatimiza miaka 16, alikwenda Montana kuchunga kondoo, na kazi hiyo ikamshinda upesi. Mwindaji aitwaye Jake Hoover akampokea, akaishi naye kama miaka miwili. Hapo ndipo alipojua mwili wa mnyama kwa kisu, si kwa kitabu: ngozi inavyovutika begani, msuli unaposhika mfupa. Kuanzia 1882 akawa mchungaji wa zamu ya usiku katika bonde la Judith. Kazi ya usiku ilimwachia mchana wa kuchora, na machoni mwake kila kitu kilikuwa mahali pake, kuanzia tandiko na kamba hadi chapa ya moto kwenye paja la ng'ombe.

Majira ya baridi ya 1886 kuamkia 1887 yaliua ng'ombe wengi mno huko. Matajiri wa kundi waliokuwa mjini Helena waliandika kuuliza hali ya mifugo. Msimamizi akakaa kuandika jibu. Charlie akachora kipande kidogo kama kadi ya posta: ng'ombe mmoja, mbavu nje, miguu ikitetemeka thelujini, mbwamwitu wakimngoja. Picha ile ikapelekwa ndiyo jibu, na kwa hiyo watu wakaanza kulijua jina lake.

Kujulikana hakukumletea fedha. Aliacha kuchunga mwaka 1893 ili aishi kwa brashi, lakini picha alizigawa, au alizibadilisha kwa vinywaji na madeni ya baa. Aliona haya kutaja bei. Mwaka 1895, katika mji mdogo wa Cascade, akakutana na Nancy Cooper, msichana wa kazi katika nyumba ya akina Roberts. Mama yake Nancy alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba wa kambo alikuwa mbali. Msichana aliyejua njaa ya kweli hawezi kutazama kazi ya wiki nzima ikiondoka kwa dola chache. Walioana Septemba 1896, yeye miaka 18, Charlie 32, wakaanza maisha katika kibanda cha chumba kimoja.

Mfanyabiashara mmoja wa Butte, Charles Schatzlein, aliyekuwa akiuza picha za Charlie, ndiye aliyewashauri kwamba bei ataje Nancy. Naye akataja, mara mbili ya zamani, na wanunuzi wakalipa. Asubuhi mume alibaki kazini hadi adhuhuri. Rafiki wa baa alisubiri mchana. Hiki ndicho kinachoitwa ukali. Mchoraji anayekatizwa rangi zikiwa mbichi hupoteza mwanga aliokuwa akiufuata, na kesho yake haurudi vilevile. Nancy ndiye aliyezungumza na wenye majumba ya sanaa hadi yakapatikana maonyesho ya New York mwaka 1911 na ya London mwaka 1914.

Tazama picha kubwa ambayo Charlie aliuchorea ukumbi wa bunge la Montana, iliyokamilika 1912 kwa dola 5,000. Ina urefu wa futi 25 na kimo cha futi 12. Karakana yao ya Great Falls, iliyojengwa 1903 kwa nguzo za simu, haikuitosha, ikabidi paa liinuliwe. Mada ni Lewis na Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali ya Marekani, kukutana na Wasalish, wenyeji wa huko, mwaka 1805. Wapanda farasi wa Kisalish wanakuja kwa kasi katikati ya turubai, vumbi na manyoya vikipaa. Wageni weupe wamesimama pembeni, wadogo. Wabunge huketi chini ya picha hiyo hadi leo. Sijui mchoro mwingine wa serikali wa wakati ule uliowapa wenye nchi nafasi ya mbele namna hiyo.

Nyumba ile ilikuwa na watu wengine. Mwaka huo huo wa 1916 walipomchukua mtoto Jack kumlea kama mwana wao, Joe De Yong, kijana kiziwi, alianza kujifunza kwa Charlie. Walizungumza kwa lugha ya ishara ya Wahindi Wekundu wa nyanda, na kwa vijikaratasi. Jirani yao Josephine Trigg, mkutubi, alitunza michoro aliyopewa, na urithi wake ndio uliozaa jumba la makumbusho la Russell huko Great Falls, 1953.

Charlie alifariki Oktoba 1926. Hapa nami nina neno la kumlaumu Nancy. Mumewe alikuwa na donge la nta ya nyuki mfukoni, akifinyanga huku akipiga soga, na vingi kati ya vijisanamu hivyo vilikuwa vya nta na plasta tu, si vya kuyeyushiwa shaba. Baada ya kifo Nancy aliruhusu baadhi yake vimiminwe shaba nyeusi. Kila hatua hupoteza kitu: kalibu huchukuliwa juu ya nta, nakala ya nta hutolewa, hufunikwa, huyeyushwa, ndipo shaba imiminwe. Miguu myembamba ya farasi ndiyo huharibika kwanza, na fundi huinyoosha kwa mkono wake. Kalibu ikichukuliwa juu ya shaba badala ya nta, nakala hutoka ndogo kwa asilimia moja au mbili, kwa kuwa shaba hunywea ikipoa. Kwa hiyo anayeuziwa sanamu ya Russell apime kimo kwa rula dhidi ya nakala inayojulikana, asome mhuri wa kiwanda, na aulize ilimiminwa kabla ya 1926 au baadaye.