Kompyuta haijachoka, imechokwa

Shangazi yangu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyepewa notisi ya kuhama nyumba. Kioo kizima cha kompyuta yake kilikuwa kimejaa tangazo: huduma ya Windows 10 imekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yake haikidhi masharti ya Windows 11. Muuza wino wa printa alikuwa ameshampa dawa: tupa hiyo, nunua Mac, utasahau shida. Nilipofika nikamwamkia, nikaigeuza laptopu juu chini, nikaona herufi A imefutika kwenye kibodi na bawaba moja imelegea. Nikamwambia hii ni ya 2017, huenda kweli imechoka. Akanijibu: "Mwanangu, haijachoka. Imechokwa."

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia watu wakijadili kuhama aina ya kompyuta ya nyumbani, naona upande mmoja umepewa kiti na mwingine umesimamishwa mlangoni. Anayehama huonekana mtu wa kisasa. Anayetaka kubaki na mashine yake huitwa mwoga, bahili, au mtu aliyeachwa na wakati. Nitajaribu kuwapima wote kwa haki, ila sitaficha kwamba huyu wa pili ndiye ninayeona hajasikilizwa.

Wanaohama wana hoja nzito, na ya kwanza ni usalama. Mfumo usiopata viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama, ni nyumba yenye kufuli ambalo wezi wote wameshachonga ufunguo wake. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, kikifunga mafaili na kudai kikombozi. Tundu kililopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft miezi miwili kabla, Machi mwaka uleule. Walioumia wengi ni wale ambao kiraka hakikuwafikia. Kwa hiyo kuendelea na Windows 10 bila viraka, huku unaingia benki kwa kompyuta hiyohiyo, si msimamo ninaoutetea. Anayesema "mimi sijali, inafanya kazi" hayumo katika utetezi huu.

Hoja yao ya pili ni ubora wa mashine zenyewe, na hapa Mac inastahili sifa bila kubaniwa. Novemba 2020 Apple ilipotoa MacBook Air yenye chipu ya M1, ilitoa laptopu isiyo na feni kabisa, isiyopiga kelele, iliyotajwa na watengenezaji kuweza kuonyesha filamu hadi saa 18 bila kuchajiwa. Aliyezoea laptopu inayovuma kama kinu na kuomba umeme kila baada ya saa 2 akiishika hiyo, simlaumu kama hataki kurudi nyuma. Mtu wa kuhariri video au muziki, au ambaye simu yake tayari ni iPhone na anataka picha zimfuate mwenyewe, ana sababu ya kweli ya kuhama. Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google, nayo ina watu wake: ambaye maisha yake yote yamo ndani ya kivinjari inamtosha, na tangu 2023 Google imeahidi miaka 10 ya masasisho kwa modeli mpya.

Sasa niende kwa aliyesimamishwa mlangoni.

Desemba 2023 kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kuwa taka kwa sababu ya kukoma kwa Windows 10. Namba hiyo imenikosesha raha kwa muda mrefu. Chukua laptopu yenye unene wa sentimita 2 tu, zipange milioni 240 moja juu ya nyingine. Mnara wake utafika kilomita 4,800. Tena ndani ya mnara huo hazikuhesabiwa mashine zilizoungua wala zilizoingia maji. Zilihesabiwa zinazokataliwa na Windows 11. Zinawaka, zinaandika barua, zinaonyesha video, zinachapisha. Tarehe 13 Oktoba zilikuwa kompyuta, tarehe 15 zikahesabiwa takataka, na siku hizo mbili hakuna hata skrubu iliyolegea.

Masharti yenyewe ni yapi? Windows 11 inataka kumbukumbu ya RAM ya GB 4, diski ya GB 64, uwezo wa Secure Boot wa kukagua mfumo unapowaka, chipu ya TPM 2.0 ya kutunza funguo za siri, na prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote) iliyomo katika orodha ya Microsoft. Mashine ya shangazi inayapita yote isipokuwa la mwisho. Kwa upande wa Intel orodha inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane, ambacho kiliingia sokoni 2017. Maana yake ni kwamba aliyenunua laptopu ya kizazi cha saba mwaka huo, mpya kabisa ndani ya boksi, alikataliwa miaka minne tu baadaye, Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021.

Kuna jambo moja katika orodha hiyo linalonirudisha kwake kila mara. Mwaka 2018 Microsoft yenyewe ilizindua kompyuta ya bei ya juu, Surface Studio 2, ikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha saba, Core i7-7820HQ. Orodha ya kwanza ya Windows 11 ilipotangazwa katikati ya 2021, prosesa hiyo haikuwemo. Agosti mwaka huohuo ikaongezwa, kwa mashine chache teule. Ndugu zake wa kizazi kilekile waliomo katika laptopu za watu wa kawaida wakabaki nje. Sisemi kwamba hakuna sababu ya kiufundi. Microsoft ilieleza kwamba prosesa mpya zina ulinzi ndani ya chipu na viendeshi (programu ndogo za kuendesha vifaa) vya kisasa. Nasema tu kwamba mpaka huo ulichorwa na watu, na mahali walipotaka kuusogeza waliusogeza.

Na walitoa namba. Katika majaribio, walisema, kompyuta zisizokidhi masharti ziliganda kwa hitilafu za kiini cha mfumo asilimia 52 zaidi, ilhali zinazokidhi zilikwenda bila kuganda kwa asilimia 99.8. Asilimia 52 inatisha ukiisoma peke yake. Isome pamoja na mwenzake. Tukichukua kwamba namba zote mbili zinapima kitu kimoja, nyongeza ya asilimia 52 juu ya 0.2 inatupa 0.3 hivi. Yaani mashine "mbaya" inakwenda vizuri kwa asilimia 99.7. Kwa hospitali au benki yenye kompyuta elfu kumi, tofauti hiyo ina uzito. Kwa mtu anayeandika muhtasari wa vikao sebuleni, sioni kama inatosha kumtoa laptopu mkononi.

Wapo wanaodhani Mac ni kimbilio la kukwepa tarehe za namna hii. Sivyo. Apple ilibadili moyo wa mashine zake kutoka chipu za PowerPC kwenda za Intel mwaka 2006, kisha kutoka Intel kwenda chipu zake yenyewe kuanzia 2020, na kila mara kuna waliobaki ng'ambo ya mto. Toleo la mfumo wa Mac la 2025, liitwalo Tahoe, ndilo la mwisho kwa Mac za Intel, na hata hilo halikuzipokea zote: MacBook Air ya Intel iliyotoka Machi 2020 imeachwa nje ikiwa na miaka mitano. Tena katika MacBook za sasa RAM na diski vimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Laptopu ya shangazi nilishawahi kuifungua kwa bisibisi nikamwongezea RAM ya GB 4 na diski ya SSD, na ikafufuka.

Lakini gharama kubwa kuliko zote ya kuhama haiandikwi kwenye risiti. Ni mkono. Miaka mingi kidole kidogo cha kushoto kimejifunza kwenda Ctrl. Kwenye Mac kazi ile inahamia kwa dole gumba, kwenye Command, na kwa wiki kadhaa kila sentensi inakatika njiani. Ni mafaili pia. Diski ya nje uliyoiandaa kwenye Windows kwa muundo wa NTFS, Mac itaisoma, itakuonyesha picha zako zote, ila haitakubali kuandika juu yake bila programu ya ziada. Microsoft Access, programu ya hifadhidata, haina toleo la Mac. Publisher, yao ya kupangia kadi na vijarida, nayo haina. Anayesema "Word iko kote" amesahau kwamba watu wengi hawaishi katika Word peke yake, na faili moja la ajabu analolitegemea mtu ndilo huamua kila kitu.

Faili la shangazi ni la Publisher. Kwa miaka tisa amewatengenezea watu kadi za mialiko na vijarida, yapata 60, vyote vikiwa na mwisho wa .pub. Kwake, kuhamia Mac ni kuviaga.

Hapo ndipo niliposhauri njia ambayo wengi huiruka: kubadili mfumo na kuiacha mashine. Linux Mint, mmoja wa mifumo ya Linux inayoweza kuchukua nafasi ya Windows, inaomba RAM ya GB 2 tu ili iwake, na wenyewe wanapendekeza 4 ili ikae vizuri. Haiulizi kizazi cha prosesa. Zaidi ya yote, unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Ukiizima na kuchomoa flashi, Windows yako iko palepale. Sijui duka gani litakupa kompyuta uitumie wikendi nzima kisha urudishe bila maelezo.

Mimi na shangazi tulikaa nayo Jumamosi na Jumapili. Wi-Fi ilikamata mara moja. Printa ikachapisha bila kuulizwa; skana yake ilitusumbua hadi jioni. Muhtasari wake wa vikao ulifunguka katika LibreOffice, programu za ofisi zinazofanya kazi kwenye Linux, ukiwa na sura yake, kwa kuwa fonti ya Calibri, ambayo haikuwemo, ilibadilishwa na Carlito yenye vipimo vilevile vya herufi, mistari ikakatika palepale ilipokuwa ikikatika. Jedwali moja lilisogea. Tulipofungua kadi ya kwanza ya .pub, maandishi yalikuja, picha ikaja, ila jina la bibi harusi lilikuwa limeangukia juu ya ua. Shangazi alilitazama kimya, akalishika kwa kipanya, akalirudisha mahali pake.

Siwezi kumficha mtu upande mgumu wa Linux. Programu za Adobe za kuhariri picha na video hazina toleo lake. Office kamili ya Microsoft haisakinishiki, utabaki na ile ya kivinjari. Baadhi ya michezo ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hukataa kabisa kufunguka. Likitokea tatizo, fundi wa jirani huenda hajawahi kuugusa mfumo huo, na mzee asiye na kijana wa kumpigia simu anaweza kuachwa peke yake. Huyo afadhali Chromebook, au Mac kama mfuko unaruhusu na hana faili la ajabu linalomfunga. Na kama laptopu yako ilikuwa inakukera kabla ya tangazo lolote, betri imekufa na bodi inazima ovyo, basi hama kwa amani. Hiyo kweli imechoka.

Kwa mwenye mashine nzima, mpangilio wangu ni wa kinyume na wa muuza wino. Kwanza mtu aingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, aone kama TPM imezimwa tu, maana ziko kompyuta zinazokataliwa kwa sababu hiyo pekee. Pili ajiandikishe katika mpango wa Microsoft wa viraka vya ziada kwa Windows 10, unaofika hadi 13 Oktoba 2026. Mojawapo ya njia za kujiunga haina malipo, ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Hapo umepata muda wa kuorodhesha mafaili yako na kuuliza kila moja litafunguliwa na nini huko uendako. Kununua kuje mwisho kabisa. Ripoti za mazingira za Apple yenyewe zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa chafu ya laptopu hutoka wakati wa kuitengeneza, kabla mnunuzi hajabonyeza kitufe hata kimoja, kwa hiyo mwaka mmoja wa ziada kwa mashine iliyopo si jambo dogo.

Lakini kubaki nako hakukupi ulinzi wa milele. Microsoft imeshatangaza kwamba Publisher itaondolewa Oktoba 2026. Hata shangazi angenunua kompyuta mpya ya Windows 11 kesho asubuhi, kadi zake zingekuwa zinaelekea kwenye mlango uleule uliofungwa. Aliyemshika miaka yote hii ni muundo wa .pub, na huo angeubeba mgongoni kokote ambako angehamia.

Kwa hiyo tuligawa diski mara mbili baada ya kuchukua nakala rudufu. Akiwasha kompyuta anaulizwa aende wapi: Mint kwa barua, vikao na benki, Windows 10 yenye viraka kwa ajili ya kadi tu. Kila Jumapili jioni anafungua kadi moja au mbili, anazihifadhi kama PDF, kisha anaiunda upya ile anayojua ataombwa tena. Mara ya mwisho nilipompigia zilikuwa zimebaki 41.