Kabla ya Skrini Mpya, Hedseti

Rubani anayeruka kwa mapenzi yake, kwa ndege ndogo ya kukodi au ya kwake mwenyewe, akipata hela ya ziada huikimbilia skrini. Tableti kubwa zaidi, GPS mpya, kamera ya kufunga kwenye bawa. Hedseti inabaki ileile ya siku za mafunzo. Naona mpango huo umekaa miguu juu, kichwa chini. Kama unaruka peke yako, bila rubani msaidizi wa kudaka maneno yaliyokupita, hedseti inayozima kelele kwa umeme inatakiwa itangulie vyote hivyo. Masikio ni sababu tosha, lakini iko nyingine ambayo kwangu ni kubwa zaidi: hali ya kichwa chako dakika kumi za mwisho, kiwanja kinapoonekana mbele.

Tuanze na masikio. Ndani ya ndege ya injini moja ya pistoni, mfano wa Cessna 172, kelele mara nyingi huwa kati ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 na 95, na wakati wa kupaa zinaweza kupita hapo. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3, muda huo ukatwe nusu. Piga hesabu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1 tu. Safari ya kawaida ya wikiendi, kwenda na kurudi, inaweza kuuvuka mpaka huo na usihisi lolote, kwa sababu madhara haya hayaumi. Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio, zile zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti, kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Hedseti ya kawaida, isiyo na umeme wa kuzima kelele, inasaidia sana na siidharau hata kidogo. Vikombe vyake vya kufunika masikio na mito yake hukata vizuri milio ya juu, kama upepo unaopiga mluzi kwenye kingo za mlango. Shida iko chini. Chukua injini ya silinda 4 yenye pangaboi la mapanga mawili, inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde. Mapanga mawili yanaikata hewa mara 80 kwa sekunde, na silinda nne nazo, kwa injini ya mipigo minne, zinalipua mara 80 kwa sekunde. Vyote viwili vinaangukia hezi 80, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 4. Plastiki na sponji ya unene wa sentimita chache haina ubavu wa kulizuia wimbi la namna hiyo.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Ndani ya kila kikombe kuna maiki ndogo inayosikiliza kelele iliyopenya. Saketi inatengeneza wimbi la kinyume chake, spika inalitoa, na mawimbi mawili yanauana. Wimbi la mita 4 linabadilika taratibu, kwa hiyo saketi inaliwahi. Wimbi la hezi 4,000 halifiki sentimita 9. Ukilichelewa kidogo tu umeshalikosa. Ndiyo maana mashine hii ni hodari kwenye mngurumo na dhaifu kwenye milio ya juu, na ndiyo maana kikombe kizuri kinachobana sawasawa bado kinahitajika.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936, enzi ambazo vifaa vya kulitekeleza ndani ya kikombe cha sikioni havikuwapo. Amar Bose, mhandisi Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, alianza kulifanyia kazi mwaka 1978, baada ya safari ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Desemba 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua wala kuongeza mafuta, siku 9 mfululizo ndani ya kijichumba chembamba chenye injini mbele na nyuma, walikuwa na hedseti za majaribio za kampuni hiyo ya Bose. Zilianza kuuzwa kwa marubani mwaka 1989. Nawataja wawili hao kwa sababu walikuwa marubani wa ndege ndogo, si ya abiria mia mbili. Teknolojia hii ni yetu tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye sababu yangu kubwa. Mngurumo wa chini una tabia ya kufunika sauti zilizo juu yake, na maneno ya binadamu yako huko juu. Zinazoumia kwanza ni konsonanti: s, f, t, zile zinazotofautisha neno na neno. Mwongozaji wa mnara anakupa mwelekeo, kimo, namba ya njia ya kurukia, kulia au kushoto. Unasikia robo tatu, ubongo unajaza iliyobaki, unamrudishia kwa redio ulichodhani umesikia. Mara nyingi unapatia. Lakini kila kujaza huko ni kazi, na inafanyika bila wewe kujua, dakika baada ya dakika, juu ya kazi nyingine zote: ramani, mafuta, hali ya hewa, ndege nyingine. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Ili redio isikike juu ya mngurumo, unaongeza sauti, na sauti hiyo inaingia moja kwa moja sikioni. Hedseti iliyokulinda dhidi ya injini inakupa kelele ya redio.

Kutua kunataka akili nyingi kuliko sehemu karibu zote za safari, na kunakuja mwisho, ukiwa umechoka kuliko muda wote uliopita. Anayetaka ushahidi ajaribu hivi: ukiwa umetulia kwenye kimo chako, anga shwari, zima swichi ya hedseti kwa dakika moja. Mngurumo unarudi hadi kifuani, na mkono unaenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti ya redio. Kisha washa. Utahisi mabega yanashuka. Uzito huo uliokuwa juu ya mabega ndio anaoubeba asiye na kifaa hiki, saa mbili nzima, hadi kwenye njia ya kutua.

Wapo walimu wa urubani wenye uzoefu mkubwa wanaosema kifaa hiki kinamnyima rubani sauti ya injini. Hoja yao naiheshimu, kwa sababu injini kweli huongea. Lakini hedseti haiui sauti yote. Inapunguza ule mngurumo usiobadilika, na mabadiliko yanabaki. Injini ikianza kumisi, unasikia, na kiti kinakwambia pia. Ninapokubaliana nao ni kwenye ving'ora. Mwaka 2007 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa taarifa kuwatahadharisha marubani kwamba hedseti hizi zinaweza kuficha ving'ora na sauti nyingine za ndani ya ndege. Honi ambayo haikuunganishwa na mfumo wa mawasiliano wa ndege inaweza kufifia. Dawa yake ni kwenda angani na mwalimu, kwenye kimo salama, hedseti ikiwa imewashwa, mkaipunguza mwendo ndege hadi honi ya kuonya kwamba bawa linaelekea kuishiwa nguvu ya kunyanyua ilie. Kama magurudumu yanakunjwa, jaribuni na kengele yake. Ukishaijua sauti ilivyo ndani ya hedseti hiyo, utaitambua.

Kwenye kununua, nitasema machache. Mwenye miwani ajaribu akiwa ameivaa, kwa kuwa mkono wa miwani hupita chini ya mto wa sikio na kuacha upenyo mwembamba. Bonyeza kikombe kwa kidole injini ikiwa inafanya kazi: kelele zikipungua ghafla, basi upenyo upo, na fremu nyembamba inaweza kukufaa kuliko hedseti ghali zaidi. Hakikisha pia kwamba betri ikifa, redio na maiki vinaendelea kufanya kazi; hedseti nzuri za urubani hurudi kuwa hedseti za kawaida na safari inaendelea. Hedifoni za muziki zenye kuzima kelele, hata zikifungwa maiki ya kuongezea, sizipendekezi. Zimetengenezwa kwa ajili ya kelele ndogo kuliko za kwetu, na nyingi vikombe vyake ni vyepesi, hivyo chaji ikiisha unabaki na kinga kidogo.

Na kuna abiria. Rubani ananunua hedseti mpya, ile ya zamani yenye mito iliyopasuka anampa mke, mume au mtoto anayempandisha kwa mara ya kwanza. Mtu huyo hajazoea kelele hizi, hajui kama mtikisiko ule ni wa kawaida, na sauti yako ndiyo inayomtuliza. Asipokuelewa, hofu inapanda. Kama uwezo ni wa hedseti moja tu ya kuzima kelele kwa sasa, ivae wewe, ndiye unayerusha. Lakini ya abiria ibadilishie mito kabla ya safari, mito mipya haina gharama ya kutisha, na iweke maiki yake karibu kabisa na midomo ili nawe umsikie anapokuuliza ule mlio ni wa nini.